Siku Tulipohesabu Mazizi

Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikawatajia namba isiyo ya kweli, na niliitaja kwa sauti nzuri sana. Ng'ombe elfu moja mia tatu na kumi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimekumbatia kishikwambi kama mhubiri na Biblia yake, na nyuma yangu nilikuwa nimebandika karatasi kubwa yenye michoro ya rangi. Nikaonyesha mlima kwa kidole. Nikasema, ndugu zangu, mlima ule hauwezi kulisha ng'ombe wote hawa. Watu wakanyamaza. Mimi nikadhani wamekubali.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama baada yangu. Hakuwa mtu mbaya. Chini ya ule mlima kulikuwa na korongo lililomega mashamba kila masika, na shamba la kwanza kumegwa lilikuwa lake. Akasema kama mtaalamu amethibitisha, basi hakuna cha kubishana: baada ya wiki nne mkutano mkuu utapiga kura ya kuufunga mlima kwa malisho, na kaya yoyote yenye ng'ombe zaidi ya kumi itawaondoa wanaozidi, itajua yenyewe pa kuwapeleka. Nilirudi Dodoma kichwa kimevimba, najiona mtu wa maana.

Ngoja nijieleze kidogo. Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa Nkuhungu pale Dodoma mjini, na mdomo ninao. Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madodoso yaliyojazwa na watu wengine, tafiti za maji, za kuni, za miti, za kila kitu. Makosa yao nilikuwa nayaona, na nilikuwa nayacheka. Mtu mzima na akili zake anamuuliza bibi wa watu, "Je, unatumia mbinu endelevu za kilimo?" Bibi anasema hapana, maskini, wakati samadi yake amekuwa akiimwaga shambani tangu enzi za ujana wake. Nikasema moyoni, hawa hawajui kuuliza, mimi naenda kusoma niwaonyeshe. Nikaenda chuo kikuu, pale Chimwaga, kuchukua shahada ya uzamili nikiwa na miaka thelathini na nane, katikati ya vijana walioniita "shangazi" wakidhani sisikii.

Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpole wa sauti, asiye na haraka hata kidogo. Dodoso langu la kwanza alilirudisha limejaa wino mwekundu. Swali la tatu nilikuwa nimeandika: "Je, unakubali kwamba kufuga ng'ombe wengi kunaharibu ardhi?"

"Mgeni wa chuo kikuu akikuuliza hivi umekaa mlangoni kwako," Dokta aliniambia, "utamjibu nini?"

"Nitakubali, aende zake."

"Sasa kama jibu unalo, hao wengine unakwenda kuwasumbulia nini?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikalifuta. Nikajifunza kutobeba mambo mawili kwenye swali moja. Nikajifunza kuuliza jana na juzi badala ya "kwa kawaida", maana kwa kawaida kila mtu ni mwema. Nikajifunza kulijaribu dodoso kwa watu wachache kwanza, na kukaa kimya wanapokwama, ingawa kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu kama mimi. Dodoso la nne likapita. Ndani yake kulikuwa na swali moja jepesi ambalo hata Dokta hakuligusa kwa wino: kaya hii ina ng'ombe wangapi?

Kijiji chenyewe kiko ukishaipita Mvumi, barabara ya vumbi jekundu, uwele na mtama pande zote. Tulikwenda wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu, binti wa miaka ishirini na nne anayeweza kupiga soga na jiwe likamjibu. Kijiji kilikuwa kidogo, kwa hiyo hatukuchukua sampuli, tulipita kaya zote. Mimi nilichukua vitongoji viwili vya juu, yeye viwili vya chini. Tulimaliza kazi, tukajumlisha, nikapata ile namba yangu, nikaenda kuitangaza kabla hata sijaisugua vizuri. Hilo nalo ni kosa, tena kosa la mtu mwenye haraka ya kupigiwa makofi.

Baada ya ule mkutano Dokta akaniambia nilinganishe namba na daftari la chanjo la afisa mifugo. Nikalinganisha. Ng'ombe waliochanjwa walikuwa wachache mno kuliko wangu. Nikawa na jibu mdomoni tayari: watu wanakwepa chanjo.

"Inawezekana," Dokta akasema. "Umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nikakaa kwenye maabara ya kompyuta, nikaanza kuyasoma madodoso moja baada ya jingine. Tulikuwa na swali la mwisho lisilo na machaguo: ni ng'ombe gani aliugua mara ya mwisho, na mlimtibu vipi? Kwetu ng'ombe hatajwi hivi hivi, anaelezwa rangi, pembe na tabia. Siku ya pili ya kusoma nikakutana na jike la kijivu lenye pembe moja, lililoumwa kwato likatibiwa kwa maji ya chumvi. Nikapita. Kaya kama thelathini mbele, kwenye kitongoji kingine, nikakutana naye tena. Kijivu, pembe moja, kwato, maji ya chumvi. Nikayafungua madodoso yote mawili kando kwa kando. Nikaendelea, nikampata dume jeusi lenye baka jeupe kwenye paji la uso, naye mara mbili. Madodoso yote hayo alikuwa ameyajaza yule binti.

Nikampigia simu aje mara moja. Alipofika sikumpa hata kiti.

"Umekaa kwenye kivuli ukanakili," nikamwambia. "Kaya moja umeifanya mbili."

"Dada, mimi nimekaa kwenye zile kaya. Nimekunywa maziwa yao."

"Basi yalikulevya."

Vijana waliokuwa mle maabara wakageuka wote. Binti akavua kitambulisho chake cha utafiti shingoni, akakiweka mezani taratibu, akaondoka. Nami, haki ya Mungu, nilijiona nimeshinda. Nikaanza kumwandikia Dokta barua ya kumshtaki. Kilichonizuia kuituma ni kwamba nilitaka kwanza kwenda kijijini nikakusanye ushahidi, nimmalize vizuri.

Kesho yake asubuhi na mapema, mazizi hayajafunguliwa, nikafika kwenye kaya ya kwanza. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, wa miaka sitini hivi, anayelea wajukuu watatu. Nikamsabahi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha mbukwa ya Kigogo na jibu lake, akanipa kigoda. Na zizini, jamani, alikuwa amesimama jike la kijivu lenye pembe moja, anacheua.

"Huyu ni wako, mama?"

"Wangu."

"Ndiye aliumwa kwato?"

"Ndiye huyo. Nilimsumbukia mwenyewe mpaka akapona."

Nikaandika. Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza kama ni kweli kwamba wanaozidi kumi wataondolewa. Zizini mwake walikuwa kumi na wanne. Nikamwambia ni kweli.

"Wakianza kuondolewa, na mlima ukifungwa, hatabaki hata mmoja," akasema. "Na wakiondoka, mimi na hawa watoto tutawafuata nyuma. Tunakunywa maziwa yao, tunauza maziwa yao. Uwele wangu unaota kwa samadi yao. Mume wangu hayupo, shamba peke yake halinitoshi."

"Ni uamuzi wa mkutano, mama," nikamjibu. Naona aibu hata kuliandika jibu hilo, lakini ndilo nililompa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake.

Nikapanda bodaboda hadi kaya ya pili. Huko nikamkuta mzee mmoja, zizi lake dogo, ng'ombe watatu tu ndani, ingawa dodoso lake lilisema tisa. Nikamuuliza habari za ng'ombe aliyeugua. Uso wake ukachangamka. Akanieleza jike lake la kijivu kwa mapenzi yote, jinsi alivyovunjika pembe akiwa mtamba, hajazaa bado, jinsi asivyopenda kukamuliwa na mgeni. Nikamuuliza yuko wapi.

"Yupo," akasema.

"Yupo wapi, mzee?"

"Yupo tu, anakula majani."

Hapo nikapandwa na hasira. Njia nzima ya kurudi nilimwambia dereva wa bodaboda kwamba kijiji kile ni cha waongo, wakubwa kwa wadogo. Yeye hakunijibu, labda kwa sababu alikuwa wa kule.

Sikwenda chuoni. Nilikwenda nyumbani Nkuhungu kwa baba yangu, dereva wa serikali mstaafu, nikammwagia yote: ng'ombe mmoja, kaya mbili, wote wanasema wangu. Baba alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimletee maji.

"Na wewe ni Mgogo gani?" akaniuliza. "Unadhani sekondari ulisomeshwa na mshahara wa udereva?"

Ndipo akaniambia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba alikuwa na ng'ombe wanane. Hawajawahi kulala Nkuhungu. Walikuwa kwa rafiki yake, katika kijiji ambacho sijawahi kukanyaga, na alikuwa amewaweka kule tangu sijazaliwa. Mwenye ng'ombe haweki wote mahali pamoja, alisema. Wachache anabaki nao, wengine anawaweka kwa rafiki wa upande mwingine, ili mvua ikigoma huku, kule wapate majani. Ugonjwa ukiingia huku, kule wapone. Anayewekewa anakunywa maziwa na anachukua samadi. Na anafunga mdomo.

"Mbele ya wageni, ng'ombe niliyekuwekea ni wako," baba akasema. "Ukimwambia mgeni kwamba ni wa fulani, umeniumbua. Kesho ndugu zangu wote watajua nilichonacho, na wote watakuwa na shida siku hiyo hiyo."

"Mbona hukuniambia hata mimi?"

"Wewe? Ningekuambia asubuhi, mchana shangazi yako angekuwa mlangoni."

Nikakaa pale kwenye kochi najihesabia. Yule mama alisema kweli, kwa heshima. Mzee naye alisema kweli, kwa sababu ng'ombe ni wake. Binti aliandika alichoambiwa. Aliyekosea alikuwa mimi peke yangu, mimi niliyekulia kwenye kabila hilo, nikasomeshwa na ng'ombe hao hao, kisha nikaenda kuwauliza wenzangu kama mtu aliyeshuka na ndege. Na kwa kosa langu mjane mmoja angehama kwake. Nililia, sitaficha. Baba akaniambia niache kulia, nikarekebishe.

Asubuhi nikasimama nje ya hosteli ya yule binti. Aliniweka pale nje karibu saa nzima, na nilistahili. Alipotoka nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekukosea. Nimekuita mwongo mbele ya watu, na mwongo hukuwa wewe."

Akaniangalia. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Utayasema mle maabara, kwa sauti ile ile."

Nikayasema mle maabara, kwa sauti ile ile, shangazi mzima nimesimama mbele ya vijana. Mmoja akapiga makofi. Binti akavaa kitambulisho chake, akavuta kiti karibu na changu, akasema haya, tunalirekebishaje.

Nilitegemea Dokta anichane. Yeye akasema, "Na mimi nililipitisha lile swali," akachukua karatasi tupu, akanisogezea. Nikaandika kwa pupa: kati ya ng'ombe hawa wangapi ni wako, na wangapi umewekewa? Binti akalisoma akatikisa kichwa. "Dada, yaani unataka waumbuane kwa maandishi?" Nikalikata. Kisha likanijia, na lilivyonijia nilisimama. Mlima haujali ng'ombe ni wa nani. Mlima unajua midomo tu, na kila mdomo alfajiri uko kwenye zizi moja. Hatuna haja ya kumuuliza mtu mali yake. Tusihesabu kaya, tuhesabu mazizi, yote, asubuhi moja, kabla hayajafunguliwa.

"Hilo ndilo swali," Dokta akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniambia hivyo. Nilitamani kumkumbatia, ila nikajikaza.

Tukaomba wanafunzi wenzetu kumi, wale wale wa "shangazi", tukatawanyika kijijini kunapambazuka. Kila zizi tuliuliza mambo mawili tu: wamelala wangapi, na jana walipita njia gani kwenda kunywa maji. Hakuna aliyeguna. Yule mama mjane alinifungulia mwenyewe nihesabu, kumi na wanne, na sikumuuliza kitu kingine. Mpaka leo sijui wangapi ni wake, na sitauliza.

Mia nane na sita. Nikaenda kwenye daftari la chanjo, namba zikakaribiana mpaka nikacheka peke yangu kwenye kompyuta. Na lile swali la njia likatupa jambo ambalo sikulitafuta: karibu mazizi yote yalipitisha ng'ombe kwenye kijia kimoja chembamba kwenda lambo, na kijia hicho kilipita pale pale korongo lilipoanzia. Kilichoumia ni njia, kwa kwato nyingi kukanyaga mahali pamoja. Mlima wenyewe ulikuwa na nafasi.

Siku ya mkutano nilivaa kitenge cha zamani. Dokta na binti walikaa mstari wa mbele. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, namba niliyowapa mara ya kwanza si ya kweli. Kosa ni langu. Kuna ng'ombe niliwahesabu mara mbili, na ninyi mnajua kwa nini kuliko mimi." Kicheko kikapita chini kwa chini, wazee wakitazama ardhini, kila mmoja akijifanya hahusiki. Kisha nikataja namba mpya, nikaeleza habari za kijia na korongo.

Mwenyekiti hakucheka. "Mwezi uliopita ulisema elfu moja na mia tatu, tukakuamini," akasema. "Leo mia nane. Mwezi ujao zitakuwa mia nne?"

"Kapewa maziwa huyo!" mtu akapiga kelele nyuma, na hapo wakacheka kweli.

Zamani ningemjibu yule mtu akajuta kuzaliwa. Safari hii nikawatazama waliokaa. Yule mama mjane alikuwa amekaa pembeni, mikono imefumbatwa mapajani, hacheki.

"Msiniamini," nikasema. "Kesho asubuhi msifungue mazizi. Hesabuni wenyewe, mimi na wenzangu hatutasogea. Ikija namba nyingine mbali na hii, ufungeni mlima, na mimi sitakanyaga hapa tena."

Dokta akanitazama. Nikaegemea meza.

Tukalala Mvumi, na asubuhi tukawa tumekaa mbele ya ofisi ya kijiji. Pande zote ng'ombe walikuwa wanalia, maana wamezoea kutoka mapema na leo wamefungiwa. Wajumbe wa vitongoji wakaja mmoja mmoja na vikaratasi vya kila zizi. Mwenyekiti akajumlisha mwenyewe kwenye daftari. Akajumlisha mara ya pili. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama.

"Mia nane na tisa," akasema. "Si mia nane na sita."

Watatu zaidi. Namba zangu zilikuwa za juma moja tu lililopita, nami nilishasema mbele ya watu wote kwamba sitakanyaga tena pale. Mtu akaguna. Kisha yule mama mjane akajitokeza mbele, mama ambaye sikuwahi kumsikia akisema kitu mkutanoni.

"Kwangu amezaliwa ndama juzi," akasema. "Hawa walipokuja kuhesabu alikuwa bado tumboni. Kwangu wako kumi na watano sasa, someni hapo."

Mwenyekiti akatafuta kikaratasi. "Kumi na watano," akasoma.

"Na kwangu mmoja," mzee mwingine, wa vitongoji vya juu, akasema. "Hata kitovu hakijakauka."

"Na kwetu!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akatikisa kichwa akitabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mia nane na sita, na ndama watatu. Mtaalamu, umepata!"

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale, na changu kikiwemo, sijui kama Mvumi hawakuvisikia. Binti alinirukia shingoni tukakaribia kuanguka. Dokta, yule Dokta asiye na haraka, alikuwa anapiga makofi amesimama juu ya benchi.

Kura ikapigwa hapo hapo. Mwenyekiti akauliza nani anataka mlima ufungwe na ng'ombe wapunguzwe. Hakuna mkono uliopanda, hata wake. Wakakubaliana kuchonga njia ya pili ya kwenda lambo, na kupumzisha upande mmoja wa mlima kila mwaka. Mwenyekiti alikuwa bado anasoma azimio watu walipoanza kuondoka, wengine wakikimbia kabisa, maana ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa. Yule mama alikuwa wa kwanza kukimbia, amebana kanga kiunoni, wajukuu nyuma yake.

Mazizi yakafunguliwa karibu kwa pamoja. Wakatoka wote, wa kijivu, wekundu, weusi, wenye mabaka, vumbi likapanda, wakaanza kukwea mlima kila kundi na njia yake. Nilisimama pale natokwa na machozi ya furaha, bila kishikwambi, bila kalamu. Sikuwahesabu.